Swali Lililoulizwa Lituhi



Tulipokuwa Lituhi, katika mwambao wa Ziwa Nyasa, tulikaa na ndugu wachache chini ya mwembe baada ya ibada, tukazungumza habari za kazi ya Bwana. Mwinjilisti mmoja kijana, ambaye hakuwa na siku nyingi tangu atumwe kule, alikaa kimya muda mrefu. Hata wenzake walipokwisha kusema, yeye naye akafungua kinywa, akasema: "Wazee wangu, nisameheni. Mimi nimepewa agizo la kuwafanya watu wanafunzi wa Bwana, nami nimelikubali kwa moyo. Lakini hapa nikipiga hodi nyumba ya kwanza, wamekwisha batizwa kwa Wakatoliki. Nyumba ya pili, wamekwisha batizwa kwa Waanglikana. Nyumba ya tatu ni ya Mwislamu. Yeye hunipa kiti na maji ya kunywa, na tukiisha kuulizana hali naona haya kusema zaidi. Basi nimfanye nani mwanafunzi?"

Hapana aliyejibu upesi. Mzee mmoja alicheka kidogo, kama mtu achekaye jambo alilokwisha kuliona mwenyewe zamani. Mwingine alisema kwamba kijana apige hodi nyumba ya nne. Jua likashuka, tukaagana, lakini swali lile hatukuliacha chini ya mwembe. Lilipanda gari pamoja nasi. Leo twalileta mbele yenu, maana tunajua kwamba si la Lituhi peke yake. Liko katika kila mji ambao kengele zaidi ya moja hulia siku ya Jumapili.

Kwanza yatupasa kusema kweli juu ya mahali penyewe. Lituhi iko karibu na mahali Mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Mbinga. Sasa ni ya wilaya ya Nyasa, iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Ng'ambo ya mto ni Manda, upande wa Ludewa. Zamani watu walivuka kwa mitumbwi na kivuko, na siku hizi kuna daraja. Wakazi ni Wamanda na Wanyasa, na Wamatengo na Wangoni walioshuka kutoka bara, na wengineo walioletwa na samaki na mpunga.

Sisi Walutheri hatukuwa wa kwanza kuwaletea watu hawa habari njema, wala wa pili. Kabla Wadachi hawajatawala, wamisionari wa Kiingereza wa ile jamii iliyoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu walikuwa wamekwisha kukaa kisiwani Likoma, na chombo chao kilikuwa kikipita kijiji hadi kijiji. Padre William Percival Johnson, aliyekuja Afrika mwaka 1876, aliutumikia mwambao huu miaka mingi, kwa miguu na kwa chombo, ingawa macho yake yalikuwa yameharibika. Akafa Liuli mwaka 1928, akazikwa kuko huko. Askofu Chauncy Maples alizama katika ziwa hili mwezi wa Septemba 1895, alipokuwa akifanya haraka kufika kwa watu wake. Meli iliyopewa jina lake ilianza kazi mwaka 1901. Wala wasidhani wasomaji wetu kwamba kazi ile ilikuwa ya Wazungu tu. Wale waliokaa vijijini na kufundisha siku kwa siku, meli ilipokwisha kuondoka, walikuwa waalimu Waafrika. Mmoja wao ni Augustine Ambali, aliyekuwa ametolewa utumwani, akasoma Unguja, akaja ziwani na kuwa padre. Nao Wabenediktini walijenga Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899. Vita vya Majimaji vilipozuka mwaka 1905 Peramiho ilichomwa moto, nao wakarudi wakajenga tena. Kutoka bara kazi yao ikateremka mpaka ziwani, na misheni ya Wakatoliki hapo Lituhi yajulikana mwambao wote.

Na sisi je? Sisi tulipita. Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin, wakiongozwa na Alexander Merensky, walikuja kwa njia ya Mto Shire, wakaingia ziwani, wakalipita hata pembe yake ya kaskazini, wakajenga mahali walipopaita Wangemannshöhe, katika nchi ya Wanyakyusa. Kutoka huko Injili ikapanda kwa Wakinga na Wabena. Twamshukuru Mungu kwa ajili ya Bulongwa na Tandala, Kidugala na Lupembe. Lakini mtu akiuliza nani alilima shamba la Lituhi, haitupasi kunyosha mkono.

Twasema haya kwa sababu kuna namna ya kuhubiri inayosahau. Mhubiri hufika mahali, akasimama, akasema kana kwamba kabla yake kulikuwa na giza tupu na yeye ndiye aliyeshika taa ya kwanza. Watu humsikiliza kwa adabu, maana watu wa mwambao wana adabu. Lakini bibi mmoja aliyekaa nyuma anajua Sala ya Bwana tangu utoto wake, alifundishwa na nyanya yake. Naye hujiuliza moyoni, "Huyu amdhani nyanya yangu alikuwa nani?"

Basi turudi kwa swali. Mwenye kulijibu vema kuliko sisi ni Martin Luther, naye alilijibu mwaka 1523, katika kitabu kidogo alichoandika juu ya haki ya usharika kupima mafundisho na kuwaita waalimu wake. Aligawa mambo mawili. Mkristo akiwa mahali pasipo Wakristo, hahitaji wito mwingine ila huu tu, kwamba yeye ni Mkristo. Upendo wamlazimu awaambie wale wasiojua. Lakini akiwa mahali penye Wakristo, asijitokeze mwenyewe kama mwizi, angoje aitwe. Maneno haya ni mafupi, na wengi wetu twapenda nusu yake ya kwanza. Twaipenda kwa sababu yatupa ujasiri. Nusu ya pili yatupa haya.

Nusu ile ya kwanza imezaa watu ambao majina yao yatupasa kuyakumbuka. Leonard Kamungu alizaliwa Chia, katika mwambao uu huu wa mashariki, upande wa Msumbiji. Alisoma Kiungani, Unguja, akawekewa mikono ya upadre mwaka 1909. Angeweza kukaa kwao, akila samaki wa ziwa aliloogelea utotoni. Mwaka 1911 alikubali kwenda Msoro, katika nchi ambayo leo ni Zambia, kwa watu wasio wake, akaanza kazi huko. Mwezi wa Februari 1913 alikuwa amekwisha kufa. Tena katika kanisa letu wenyewe, huko Buhaya, Injili haikuletwa na mmisionari. Vijana Wahaya walikwenda Buganda, wakajifunza kusoma, wakarudi na vitabu vya Kiganda. Andrea Kajerero ni mmoja wao. Walikusanyika, wakasoma, wakafundishana, wala hakuna aliyewapa cheo wala mshahara. Wamisionari wa Betheli walipofika Bukoba mwaka 1910, walikuta tayari kuna watu wanaosoma na kusali. Hivi ndivyo Luther alivyosema: pasipo Wakristo, aliye Mkristo ametosha.

Mzee yule aliyecheka chini ya mwembe alimwambia kijana wetu habari za watu kama hawa, apate kutiwa nguvu. Nasi twasema ni vizuri. Lakini Lituhi si Msoro ya mwaka 1911. Mtu akifanya Lituhi kama ni Msoro, atafanya jambo tulilolifanya sisi mahali pengine, na sasa hatuna budi kuliungama.

Katika usharika mmoja wetu, ambao hatutautaja, alikuja mtu na nyumba yake yote, watu tisa. Alikuwa amegombana na wazee wa kanisa lake juu ya mchango na juu ya maneno yaliyosemwa msibani. Alisema, "Kule sirudi tena. Nipokeeni." Tulimpokea siku ile ile. Tuliimba, tukapiga makofi, tukaandika majina tisa katika kitabu, na katika taarifa ya mwaka tukaandika kwamba Bwana ametuongezea watu. Wala hatukumwuliza kiini cha ugomvi. Wala hatukumwendea mchungaji wake. Wala hatukuwafundisha neno, kwa sababu tulisema, "Hawa wamekwisha batizwa, wamekwisha kipaimara, wanajua."

Ikapita miezi kama minane. Siku moja mke wa mtu yule alimjia mmoja wetu baada ya ibada, akasimama kando mpaka watu wengine walipokwisha kuondoka. Akasema, "Baba, nina neno. Mimi hapa nimeandikwa, sijafundishwa. Tena hakuna aliyeniuliza kama napenda kuja. Kule nilikuwa na wenzangu, tulikuwa tukitembelea wagonjwa kila Jumatano. Sasa nikipita njiani wao hugeuza uso, nami hugeuza wangu."

Tulikosa la kujibu. Baadaye tulikwenda kwa mchungaji wa kanisa lile, nasi tulikwenda kwa kuchelewa sana. Alitukaribisha, akatuwekea viti, akasema kwamba walikuwa wakimngoja mtu yule apoe hasira, wapatane. Walikuwa wamekwisha kuchagua wazee wawili wa kumwendea, na wazee wale walipofika nyumbani kwake walikuta amekwisha kuwa wetu. Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali.

Mwisho wa habari hii si mzuri wala si mbaya. Mume amebaki kwetu. Mke siku ya Jumapili huja na mumewe, na siku ya Jumatano huenda kwa wenzake kutembelea wagonjwa, nao wamempokea. Watoto watatu wakubwa hawaendi popote. Hao watatu ndio wanaotuuma. Walipokuwa kule walikuwa katika mafundisho. Walipohamia kwetu tuliwahesabu kuwa wamekwisha. Kama Bwana atatuuliza siku ile habari za hesabu ya mwaka ule, hatutaweza kumwonyesha tisa. Itatubidi kumweleza habari za hao watatu.

Wavuvi wa Lituhi wanamjua samaki aitwaye mbasa. Mvua zinapokuja na Ruhuhu kujaa, mbasa hutoka ziwani, akapanda mto kwenda kutaga. Mahali pa kumkamata kwa urahisi ni pale mtoni, maana hapo njia ni nyembamba na samaki ni wengi. Mzee mmoja mvuvi alituambia kwamba zamani mbasa walikuwa wakubwa na wengi, na siku hizi wamepungua, kwa sababu watu huwangojea njiani. "Ukimkamata akiwa anapanda," alisema, "umemla yeye na watoto wake." Mzee yule hakuwa akisema habari za kanisa. Alikuwa akishona wavu. Lakini sisi tulipomsikia tuliwakumbuka wale watoto watatu.

Basi agizo lenyewe lasemaje? Wenye kujua Kiyunani watuambia kwamba katika maneno ya Bwana mwishoni mwa Injili ya Mathayo, neno linaloshika amri yote ni hilo la kufanya wanafunzi. Kwenda, na kubatiza, na kufundisha, yote yamelizunguka neno lile na kulitumikia. Bwana hakuamuru tuwafanye watu kuwa wetu. Hakuna hapo neno la kitabu cha majina. Tena ubatizo umetajwa pamoja na kufundisha, wala haukutajwa ili kufundisha kukome. Na Kiswahili chetu kina hekima yake katika jambo hili. Mwanafunzi ni mwana, tena mwana wa kufunzwa. Hatusemi mwana-andikwa.

Luther aliliona jambo hili kwa macho yake. Mwaka 1528 alikwenda pamoja na wenzake kukagua sharika za Saksonia. Nchi ile yote ilikuwa imebatizwa kwa karne nyingi. Hakukuwa na nyumba isiyo ya Kikristo. Naye aliona wakulima wasiojua Sala ya Bwana, wala Imani, wala Amri Kumi, na wachungaji wengine wasioweza kufundisha. Alirudi kwa uchungu mwingi. Mwaka uliofuata, 1529, alitoa Katekisimo Ndogo. Tazameni aliiandika kwa ajili ya nani. Juu ya sehemu zake aliandika kwamba ni jinsi baba wa nyumba apaswavyo kuwafundisha watu wa nyumbani mwake kwa maneno mepesi. Hakuwaambia watu wa Saksonia wahamie mahali pengine. Aliwarudisha shuleni katika nyumba zao wenyewe, na yeye mwenyewe, ingawa alikuwa daktari wa Maandiko, alisema kwamba kila siku husoma Katekisimo kama mtoto.

Hapo ndipo tunapoona njia ya kumjibu kijana wetu. Mahali ambapo wote wamebatizwa, kazi ya kufanya wanafunzi haijakwisha, pengine haijaanza. Lakini yaanza nyumbani mwa mwalimu. Wala haiwezi kufanywa na mtu aliyekwisha kuhitimu.

Kijana wa Lituhi ajifunzaye uvuvi wa usipa hapewi cheti. Usiku usio na mbalamwezi huingia ziwani na baba yake au mjomba wake, na taa, zamani karabai, siku hizi taa za betri. Kazi yake ya kwanza ni kuchota maji yaliyoingia mtumbwini. Halafu hupewa taa ashike. Wavu haugusi mpaka amekwisha kujua upepo. Na mjomba yule hawezi kukaa pwani akampigia kelele kijana aliye majini. Hana budi kuwa ndani ya mtumbwi ule ule, akilowa maji yale yale. Sisi makanisani mara nyingi twakaa pwani. Twampa mtu mafundisho ya miezi michache, twamwuliza maswali mbele ya watu, anajibu, twampa cheti, twampa mkono wa kulia, basi. Akizama baadaye twashangaa.

Lakini sasa mtu mwingine atasema: "Kumbe ni afadhali kunyamaza kabisa. Kila mtu na dini yake. Kumwambia mwenzako habari za imani yako ni kumdharau." Neno hili twalisikia sana siku hizi, hasa kwa watu waliosoma, na tena lina sura ya upole. Hatuwezi kulikubali. Katika ziwa hili kuna upepo uitwao mwera, utokao kusini-mashariki, unaoinua mawimbi makubwa. Mtu akijua kwamba mwera unakuja, akamwona jirani yake anasukuma mtumbwi majini, akanyamaza kwa kuogopa kumwudhi, hatusemi kwamba amemheshimu. Twasema hakumpenda. Aliye na habari na asiitoe, ama haiamini habari yake, ama hamjali jirani.

Hata hivyo angalieni, amwonyaye jirani hamnyang'anyi kasia. Akiisha kusema, jirani ndiye mwenye kuamua. Tena jirani naye ana macho, naye aweza kusema, "Mimi nimevua hapa miaka thelathini, sikia na mimi nijuavyo." Hapo aliyeanza kusema hana budi kusikiliza. Huyu Mwislamu anayempa mwinjilisti wetu kiti na maji, naye ana imani aliyoipokea kwa wazee wake, na huenda anatamani kuisema kama sisi tutamanivyo kuisema yetu. Mkristo atakaye kusikiwa wala hataki kusikia, hajashuhudia bado. Amepiga kelele tu.

Na kuna jambo jingine ambalo ni lazima tuseme waziwazi, maana lingali linatuaibisha. Zamani za ukoloni, shule nyingi za nchi yetu zilikuwa mikononi mwa misheni, zetu na za wengine. Mzazi aliyetaka mwanawe ajue kusoma mara nyingi aliona ubatizo umesimama mlangoni kama bawabu. Wengi waliingia kwa mlango ule na Mungu akawageuza kweli kweli. Baba zetu wengine ni hao. Lakini wengine waliingia wakachukua kalamu wakatoka, na majina ya ubatizo yamebaki kwao kama alama ya chanjo. Wala tusidhani kwamba jambo hili limekwisha pamoja na ukoloni. Mhubiri akigawa nguo kabla ya mahubiri, au akimwahidi mgonjwa kwamba akibadili kanisa atapona, anaweka bawabu yule yule mlangoni. Mwaka 2011 Baraza la Makanisa Ulimwenguni, na idara ya Roma ya mazungumzo na dini nyingine, na Umoja wa Kiinjili Ulimwenguni, walitoa pamoja maneno ya maongozi juu ya ushuhuda wa Kikristo kati ya watu wa dini nyingi. Walikubaliana kwamba kushuhudia ni wajibu, na kwamba kumvuta mtu kwa zawadi au kwa kumwonea katika umaskini wake ni kumvunjia heshima Kristo mwenyewe. Si jambo dogo watu hao kuandika pamoja. Tena mwaka 1999, huko Augsburg, Walutheri wa Shirikisho la ulimwengu na Wakatoliki walitia sahihi tamko juu ya kuhesabiwa haki kwa neema, jambo ambalo kwa ajili yake baba zetu walitengana. Mtu aliyesikia habari hiyo, kisha akamwambia Mkatoliki wa Lituhi kwamba yeye hajasikia Injili, anahitaji kujifunza kwanza.

Hatusemi kwamba mtu asiweze kamwe kuhama kutoka kanisa moja kwenda jingine. Dhamiri ya mtu ni ya Mungu, si ya mchungaji. Akija mtu aliyesoma, aliyepima, aliyesema na wachungaji wake kwa amani, na bado moyo wamwongoza kwetu, tutamkataza kwa neno gani? Lakini ajaye na hasira, kwanza apelekwe akapatane. Najua, wengine miongoni mwetu watasema tunawafukuza watu. Wenzetu hawa wamewahi kuandika taarifa ya mwaka, nao wanajua jinsi safu ya "walioongezeka" inavyomtazama mtu usiku. Twawahurumia, kwa maana sisi tulikuwa pamoja nao.

Je, tuondoe safu ile? Mchungaji mmoja mwenzetu alitoa shauri hilo, nusu kwa mzaha. Alisema iwekwe safu nyingine: mwaka huu umejifunza nini ambacho mwaka jana hukukijua, na ni nani aliyekufundisha? Tulicheka. Halafu tukanyamaza, kila mtu akifikiri angeandika nini.

Tuliandika barua kwa kijana yule wa Lituhi, tukamweleza kwa maneno machache haya tuliyowaeleza ninyi kwa mengi. Tulimwambia asipige hodi nyumba ya nne mpaka amekwisha kuingia nyumba yake mwenyewe. Tulimwambia awaendee katekista wa Wakatoliki na padre wa Waanglikana, ajitambulishe, aulize wao wamefundisha nini na wamechoka wapi. Na jirani yake Mwislamu, tulimwambia, asimwonee haya tena, bali asimwendee na hotuba.

Jibu lake lilifika baada ya muda. Aliandika kwamba ameanza kusoma Injili ya Yohana nyumbani kwake kila jioni ya Jumatano. Wa kwanza walikuwa mama yake, ambaye hajui kusoma, na watoto wawili wa ndugu yake. Katekista wa kanisa jirani amemwazima benchi, na siku nyingine huja mwenyewe akakaa juu yake. Hawafiki kumi. Mama yake husikia sura mara mbili, kisha huirudia kwa moyo, wala haachi neno, hata wenye kusoma huona haya. Mwinjilisti aliandika kwamba yeye mwenyewe, aliyesoma chuo, amegundua kwamba kuna sura ambazo amezihubiri mara nyingi wala hajawahi kuzisikia.

Nyumba ya jirani Mwislamu imegusana na yake, na baraza ni moja kwa nusu. Jirani hukaa upande wake jioni, akishona nyavu, na madirisha yako wazi. Siku waliposoma habari za Lazaro, na jinsi Bwana alivyolia machozi mbele ya kaburi, jirani aliuliza kutoka nje, bila kuinua macho katika nyavu zake: "Mwalimu, kama alijua kwamba atamfufua baada ya kitambo kidogo, alilia kwa sababu gani?"

Watu wote ndani walimtazama mwinjilisti. Naye asema alitaka kujibu upesi, kama alivyozoea, akaona kwamba hana jibu analoliamini mwenyewe. Akasema, "Baba, sijui vema. Ingia tusome tena." Jirani aliweka sindano ya nyavu chini, akaja akasimama mlangoni mpaka sura ilipokwisha kusomwa mara ya pili.

Swali lile wametuletea sisi katika barua, wote kwa pamoja, na jina la jirani limeandikwa miongoni mwa wanaouliza. Tumelisoma katika mkutano wetu wa wachungaji mwezi uliopita. Wengine walisema neno hili, wengine lile. Jibu hatujalipeleka bado.